Mwenda Jean-Bosco: vidole viwili, gitare moja, na Kiswahili chetu

Habari yenyewe ilianza na coupure ya umeme. Ilikuwa Jumamosi, kwenye repetisio ya korali moja hapa Goma. Sinteza ikanyamaza, gitare-bas ikanyamaza, tukabaki tunaangaliana kwenye giza. Kijana mmoja, mwenye anamaliza licence ya uchumi, akachukua gitare ya mbao yenye ilikuwa imesimama kwenye kona, akaanza kupiga polepole. Kidole gumba kilikuwa kinatembea chini kama mtu anapanda mlima wa Nyiragongo, na kidole cha pili kinaruka juu kama mtoto anamfuata. Baba yake alimfundisha, na yeye mwenyewe hakujua wimbo ule unaitwa nini.

Nyuma kulikuwa papa mmoja, mzee wa kanisa, anangoja vijana tumalize afunge mlango. Akasema: «Hiyo si ya kanisa. Hiyo ni ya Bosco.»

Tukacheka. Sisi watu wa Goma jina Bosco tunalijua: ni Don Bosco Ngangi. Mzee akatikisa kichwa. «Si Bosco wa Ngangi, ninyi. Mwenda. Mwenda wa Katanga. Sasa huko université munasomaga nini?»

Swali lile liliniuma. Tulikuwa pale kama kumi na mbili, karibu wote wahitimu ao wanafunzi, na hakuna hata mmoja mwenye alijibu. Tungeulizwa juu ya Franco, juu ya Tabu Ley, juu ya Papa Wemba, kila mtu angenyoosha mkono. Lakini mtu mwenye aliimba kwa Kiswahili, Mkongomani, mwenye gitare yake ilisomwa na wataalamu wa London, tulikuwa hatumjui. Basi nikaenda kusoma. Haya njo nilipata.

Jean-Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga. Bunkeya si kijiji cha hivi hivi. Ilikuwa mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Bayeke, mwenye watu wake walitoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa, Tanzania ya leo, wakifuata shaba na pembe za tembo. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na mtu wa msafara wa Kapteni Stairs, wakati Leopold II alikuwa anaitaka Katanga kabla Waingereza hawajaichukua. Jina Mwenda lenyewe ni la nyumba ile ya kifalme. Ninayasema haya juu ya sababu moja: watu wanafikiriaga Kiswahili cha Katanga kililetwa na Wabelgiji peke yao. Kumbe kabla Mbelgiji mmoja hajakanyaga pale, Bunkeya ilikuwa tayari na njia za misafara zenye zinaenda mpaka pwani ya mashariki.

Halafu ikaja migodi. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville mwaka 1910. Kwa njia ile ya reli vilipita vitu vingi: makaa, mashini, nguo, na gitare. Wafanyakazi walikuwa wanatoka kila upande. Kulikuwa watu wa Rhodesia, watu wa Kasai, na kati ya 1925 na 1930 kampuni ilichukua wengi huku kwetu, Ruanda-Urundi. Kwenye kambi wale wote walihitaji luga moja, na luga ile ilikuwa Kiswahili. Si kile cha Zanzibar chenye tunaandika kwenye mitihani. Kiswahili cha kambi: kifupi, kimechanganyika, kimejaa maneno ya kazi. Kinafanana sana na hiki chetu cha Birere na Majengo, na watu wa Dar es Salaam wakikisikia wanacheka vilevile.

Mwenda alisoma shule ya misioni, akajua kusoma na kuandika, na kwa wakati ule hiyo ilikuwa mali. Alienda kuishi Jadotville, yenye leo inaitwa Likasi, na kazi yake ilikuwa ya biro. Hapa naomba tusimame kidogo. Sisi tuko na picha moja ya mwanamuziki: mtu wa kulewa, mtu wa usiku, mtu mwenye alishindwa na masomo. Mwenda alikuwa karani. Alikuwa na mshahara, na gitare alikuwa anaipiga baada ya kazi, akitembea barabarani jioni. Kwa karibu maisha yake yote iliendelea hivyo, kazi ya ofisi mkono mmoja na gitare mkono mwingine. Baadaye alikuwa hata na hoteli yake upande wa mpaka wa Zambia. Kwa wale wanaotuambiaga «chagua, diplôme ao muziki», mtu huyu hakuchagua.

Mwaka 1952 njo mambo yakabadilika. Kulikuwa Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, mwenye alihamia Rhodesia kijana, na alikuwa anazunguka Afrika na gari yenye kubeba mashini za kurekodi. Mwaka ule alipita Kongo. Alirekodi pia Rwanda, kwenye nyumba ya Mwami, yaani hapa pembeni kabisa. Akiwa Jadotville akamsikia kijana wa miaka 22 anapiga gitare barabarani. Akamrekodi. Moja ya nyimbo zile ilikuwa «Masanga».

Kama hamjaisikia, tafuteni, iko kwenye intaneti, haizidi dakika chache. Ya kwanza mtafikiri wako watu wawili ao watatu wanapiga. Ni mtu mmoja, na vidole viwili tu: kidole gumba na cha shahada. Gumba linapiga nyuzi nene, linashikilia mwendo. Kidole cha shahada kinapiga nyuzi nyembamba, kinaimba. Lakini haviendi pamoja kama askari. Kila kimoja kina njia yake, vinakutana, vinaachana, vinakutana tena, na wewe msikilizaji unachanganyikiwa ufuate gani. Juu ya hayo sauti inaingia bila haraka, kama mtu anaongea na jirani yake kwenye kibaraza.

«Masanga» ilipewa zawadi ya kwanza ya mwaka 1952 ya Osborn, zawadi yenye watu wa Tracey walikuwa wanatoa kwa muziki wa Afrika. Diski zake zikatoka kwa kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, kwa alama ya Gallotone: «Masanga», «Bombalaka», «Mama na mwana», «Tambala moja» na nyingine nyingi. Zikauzwa kutoka Johannesburg mpaka Nairobi. Na ziliuzwa kwa watu wa kawaida, wenye fonografu ya kuzungusha kwa mkono, wenye walikuwa wanasikia maneno ya Kiswahili na kusema: huyu ni wetu.

Mtaalamu mmoja wa London, David Rycroft, alikaa na diski zile akaandika kila noti. Alichapisha kazi yake mwaka 1961 na 1962 kwenye jarida African Music, juu ya namna Mwenda alikuwa anabuni papo hapo akipiga gitare. Fikirieni: mwaka ule Kongo ilikuwa haijamaliza hata miaka miwili ya uhuru, université nchini zilikuwa mbili tatu, na tayari Mkongomani mmoja wa Jadotville alikuwa ni somo la wataalamu. Sisi, zaidi ya miaka 60 baadaye, tunaandika TFE juu ya «impact ya mobile money» mara mia moja.

Sasa nifike kwenye jambo lenye lilinifurahisha kuliko yote. Wazungu wengi wakimsikia Mwenda wanasema inafanana na kantri, ile miziki ya zamani ya milima ya Marekani. Ya kwanza nilikasirika. Nikafikiri ni ile tabia yao ya kusema kila kitu kizuri kimetoka kwao. Lakini nilisikiliza, na kweli kuna undugu.

Kantri ya zamani ilizaliwa kwenye sehemu zenye zinafanana na Katanga kuliko tunavyofikiri: reli, migodi, kanisa, watu wenye waliacha vijiji. Mwaka 1927, mji wa Bristol, upande wa Tennessee, kampuni ya diski ilirekodi kwa siku chache tu Jimmie Rodgers, mtu wa reli, na familia ya Carter, watu wa mlimani. Jimmie Rodgers aliimba nyimbo za safari na za mapenzi. Wakina Carter waliimba mapenzi na Injili kwa gitare ileile, na hakuna mtu aliwauliza «hii ni ya dunia ao ya Mungu?» Maybelle Carter alikuwa anapiga sauti ya wimbo kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene. Halafu kuna Merle Travis, wa Kentucky, mtoto wa mfanyakazi wa mgodi wa makaa, mwenye aliandika «Sixteen Tons» juu ya deni la mchimbaji kwa duka la kampuni. Travis alijulikana kwa kupiga gitare na vidole viwili: gumba na cha shahada!

Travis na Mwenda hawakutoka shule moja. Mmoja mtoto wa makaa, mwingine kijana wa mji wa shaba, bahari kati yao. Lakini gitare ni ileile, ya bei rahisi, na mtu akiwa peke yake bila orkestre, lazima vidole vyake vifanye kazi ya watu watatu. Na diski pia zilitembea. Zile za Jimmie Rodgers zilifika Afrika Mashariki mapema, mpaka mwaka 1950 Tracey huyohuyo alirekodi wasichana wa Kipsigis, Kapkatet, Kenya, wanaimba juu ya «Chemirocha», yaani jina la Jimmie Rodgers kwa namna luga yao ilivyolimeza. Pamoja na hizo kulikuja diski za Cuba, nyimbo za misioni, na mwendo wa likembe na wa ngoma za kwetu. Mwenda alipokea yote akayapitisha kwenye vidole vyake. Ukimwita mtu wa kantri wa Afrika, haujakosea sana, ila usisahau mizizi: ule mwendo wa nyuzi mbili zenye haziendi pamoja haukutoka Kentucky.

Mwisho wa miaka ya 1950 alienda Nairobi. Huko alikuwa pia binamu yake Edouard Masengo, mpiga gitare mwingine mkubwa wa Katanga, mwenye alikaa Kenya zaidi. Kazi yenye ilikuwa inawalisha ilikuwa si konseri tu: dawa ya kichwa ya Aspro iliuzwa kwa gitare za Katanga kwenye redio. Wengine watacheka. Mimi naona leo wasanii wetu wote wa Goma wanatafuta pub ya bia ao ya simu, hakuna jipya.

Wakenya walisikiliza vizuri kuliko sisi. Vijana wa magharibi ya Kenya waliposikia vidole vya Mwenda na vya Masengo waligeuza namna yao ya kupiga. Wakati huo njo ulikuwa wa George Mukabi, na wa mwendo wenye wanaita omutibo, mtu wa gitare na mwenzake anagonga chupa ya soda. Ukienda leo Kenya utakuta wazee wenye wanaweza kukupigia «Masanga» kwenye harusi. Hapa Goma mpaka umeme ukatike.

Kwa nini tulimsahau? Nina jibu langu, na mtanipinga kwenye komanteri.

Mwanzo wa 1960 Joseph Kabasele alirekodi «Indépendance Cha Cha» kule Bruxelles, na toka siku ile sauti ya Kongo ikawa orkestre ya Léopoldville: gitare za umeme, tumba, saksofoni, Lingala. Muziki mzuri, sikatai. Lakini tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga, na utengano ule ulidumu mpaka Januari 1963. Baada ya pale, kitu cha Katanga kilikuwa kinaangaliwa kwa jicho moja. Halafu ikaja serikali yenye iliongea Lingala kwenye jeshi, kwenye redio ya taifa, kwenye animasio politike. Mtu na gitare ya mbao, anaimba Kiswahili cha kambi ya migodi, alikuwa si picha yenye taifa lilitaka kuonyesha. Hakuna mtu alimkataza kuimba. Dunia ilihamia tu upande mwingine.

Hata jina lake lilipita kwenye mashini ya historia. Mwaka 1966 Jadotville ikawa Likasi na Elisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka 1971 Kongo ikawa Zaire, halafu Katanga ikawa Shaba. Kwenye authenticité ya Mobutu majina ya Kikristo yakakatazwa, na Jean-Bosco akawa Mwenda wa Bayeke, Mwenda wa watu wa Msiri. Wengi wetu tuko na papa ao babu mwenye alipoteza «Joseph» ao «Pierre» wake kwenye wakati ule na akamchukua tena baadaye. Kwa Mwenda ninaona kama jina jipya lilimfaa kuliko la zamani. Ila matokeo yake ni haya: diski za kwanza zina jina moja, za mwisho zina jina lingine, na kijana akitafuta anafikiri ni watu wawili.

Wageni waliendelea kumtafuta. Mwaka 1969 aliimba Marekani, kwenye festivali ya Newport, ileile yenye ilikuwa nyumba ya Bob Dylan na ya Pete Seeger. Mwaka 1979 Mwingereza John Low, mpiga gitare, alienda mpaka Shaba kutafuta wazee wa vidole viwili. Akajifunza kwao na akaandika kitabu juu ya safari ile, Shaba Diary, chenye kilitoka mwaka 1982. Nilipokijua kitabu kile nilijiuliza maswali. Mwanaume anatoka Uingereza, anapanda ndege, anakaa kwenye Zaire ya wakati ule yenye hakuna essence wala barabara, ili akae karibu na mzee anaangalia vidole vyake. Na wanafunzi wa Lubumbashi walikuwa pale kilomita chache.

Kuna sehemu moja ya habari hii yenye sipendi kupita haraka: rekodi. Kazi ya Tracey iko leo kwenye maktaba ya muziki ya ILAM, yenye alianzisha mwaka 1954, na yenye toka 1978 iko Chuo Kikuu cha Rhodes, kusini kabisa ya Afrika Kusini. Bila Tracey tusingekuwa na «Masanga» ya 1952, lazima tuseme ukweli. Lakini zamani zile desturi ilikuwa mara nyingi kumlipa mwimbaji mara moja, anasaini, basi, na wimbo unaenda bila yeye. Wengi wa wale wenye walirekodiwa Kongo, Rwanda na Uganda hawakujua hata kama sauti yao ilibaki mahali. ILAM imejaribu siku hizi kurudisha rekodi kwa jamii zenye zilitoka, Kipsigis wa «Chemirocha» wakiwa kati ya hao. Ni kazi nzuri, na inahitaji watu wenye wanajua Kiswahili cha Kongo, wenye wanaweza kuandika maneno ya wimbo sawa vile yalivyoimbwa, si vile mtu wa Oxford alifikiri amesikia. Wenye wanajua kile Kiswahili ni sisi. Wale wa fakilte ya lettres, wa histoire, hata wa droit kwa mambo ya haki za msanii, mnasikia?

Ngoja nirudi kwa papa wa kanisa. Nilimtafuta baada ya wiki mbili, nikakaa naye kwenye duka lake Katindo. Nikamuuliza: sasa papa, wewe mtu wa Mungu, Mwenda ulimsikia wapi? Akaniambia kwamba zamani hakukuwa ukuta. Redio ilikuwa moja nyumbani. Asubuhi inatoa ibada, jioni inatoa Mwenda, na mama yake alikuwa anaimba yote mawili akitwanga sombe. Yeye alipojifunza gitare, alijifunza kwa nyimbo zile za Katanga, halafu akapeleka vidole vilevile kanisani, akaweka maneno ya kitabu cha nyimbo juu yake. Wachungaji walikataa kwanza. Baadaye wakazoea. «Hata ninyi,» akasema, «ile gitare ya solo munapigaga kwenye louange, ilitoka wapi? Ilishuka mbinguni?»

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka familia ya Carter.

Mwaka 1988 Mwenda aliingia studio Cape Town, akapiga tena nyimbo zake, safari hii na mashini safi. Alikuwa anakaribia miaka 60, na vidole bado vilikuwa vinaachana na kukutana, ila polepole kidogo, kama mtu mwenye anajua njia na hana haraka ya kufika. Diski ile ilitoka Marekani mwaka 1994, kwa kampuni Rounder. Yeye hakuiona. Mwezi wa Septemba 1990 alikufa kwenye ajali ya gari, Zambia, upande wa pili wa ule mpaka wenye alikuwa anavuka toka ujana.

Kijana wetu wa uchumi amekwisha kujifunza jina la wimbo wake. Ni «Masanga», ila baba yake alikuwa amebadilisha katikati, ameongeza kitu chake. Juzi nilimkuta kwenye repetisio anapiga na umeme uko, sinteza iko, na mpiga sinteza anamwomba apunguze kidogo juu anashindwa kufuata. Papa alikuwa kwenye mlango na funguo mkononi. Safari hii hakusema kitu, alikuwa anahesabu kwa kidole gumba juu ya mbao ya mlango.